Mwanangu kazama ziwani leo, kazinduka, ila sasa anakohoa. Nimpeleke usiku huu?

mama_wawili
Habari za usiku ndugu zangu. Niko Ukerewe. Leo saa 10 jioni nilikuwa nafua ziwani, mwanangu wa miaka 4 akateleza kwenye mawe. Nageuka, simwoni. Kijana mmoja akamtoa, kalegea, midomo ya bluu. Wakamning'iniza miguu juu na kumkamua tumbo, yakatoka maji na ubwabwa, akalia. Nikamshukuru Mungu, nikarudi naye nyumbani. Tangu saa 2 usiku anakohoa mfululizo, anahema harakaharaka na anasinziasinzia. Mama mkwe anasema ni uchovu, maji yameshatoka yote. Nisubiri kukuche?

kaka_dukani
Pole dada. Mpe amoksilini, asubuhi atakuwa sawa.

nesi_wa_zamu
Kaka, amoksilini haisaidii kitu hapo. Mtoto anahitaji oksijeni.
Dada, usisubiri. Tafuta bodaboda sasa hivi, nenda hospitali yenye oksijeni. Maji yakiingia kwenye mapafu, hata kidogo, yanaharibu ule utando unaozuia vifuko vya hewa visisinyae. Vifuko vinasinyaa, vinajaa majimaji, hewa haifiki kwenye damu. Hali hiyo huja polepole, mara nyingi ndani ya saa 8 za mwanzo, ndiyo maana mtoto aliyelia vizuri jioni anabanwa usiku. Huko kusinzia kunanitia hofu kuliko kikohozi.
Njiani mpakate akiwa wima, usimpe chakula wala maziwa. Ukifika, neno la kwanza liwe "alizama". Ukianza na "anakohoa" utakalishwa foleni ya mafua. Omba wampime oksijeni kwa kile kifaa cha kidoleni.

mama_wawili
Bodaboda imekuja. Niombeeni.

mtu_wa_mwaloni
Nesi, sisi huku mwaloni kuning'iniza ndiyo tumekuta wazee wakifanya. Tunakosea?

nesi_wa_zamu
Mnakosea kaka yangu, ingawa mnafanya kwa upendo. Yanayotoka pale ni maji ya tumboni, siyo ya mapafu. Ukikamua tumbo, matapishi yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na dakika zinapotea huku ubongo unakosa oksijeni. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mdomoni huku umembana pua. Asipozinduka, bonyeza kifua katikati mara 30, pumzi 2, rudia bila kuacha, na mwingine akatafute usafiri. Akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo mbichi, mfunike. Halafu hospitali, hata akisimama na kucheka.

mama_wawili
Tumefika saa 5. Oksijeni ilikuwa 86. Wamemwekea mipira ya puani, sasa inasoma 95. Picha ya kifua imeonyesha majimaji upande wa kulia. Daktari kasema hatoki wodini mpaka apumue vizuri bila mashine. Ameniita mara moja, amelala tena. Nesi, Mungu akulipe.

mtu_wa_mwaloni
Alhamdulillah. Nesi, hizo pumzi 5, mtoto mdogo hivyo unapuliza kwa nguvu kiasi gani?

nesi_wa_zamu
Mpaka uone kifua kinainuka. Kikiinuka tu, acha kishuke, ndipo upulize nyingine.