Mjadala: Masomo ya bonsai ya miaka ya nyuma yafungwe hata kwa tuliokwisha kuyalipia?

Wakuu, salaam kwenu nyote. Niko Moshi, nalea miti ya bonsai kumi na mmoja: mikwaju mitano, mikuyu mitatu, mibuyu miwili na mvinje mmoja. Kwa miaka minne nimekuwa nalipia kila mwezi huduma ya mafunzo ya bonsai ya huko Marekani. Kila wiki kuna somo la moja kwa moja, na ukikosa unalikuta kwenye maktaba pamoja na yote yaliyotangulia. Mwezi uliopita ikaja barua pepe. Kuanzia mwezi huu kifurushi cha mwezi hakuna tena, utalipa mwaka mzima kwa mkupuo. Ukitaka masomo ya miaka iliyopita, upande kifurushi cha juu ambacho bei yake ni karibu mara mbili. Asiyepanda ataona ya mwaka huu tu.

Msimamo wangu nausema mapema. Bei ni ya mwalimu, apange atakavyo. Ila somo ambalo alishalifundisha na mimi nikalilipia, asinifungie wakati mti bado uko katikati ya somo hilo.

Niwaeleze ambao hamjawahi kulea mti kwenye chungu. Bonsai si aina ya mti. Ni mti wa kawaida, mkwaju huu huu wa juisi, unaotunzwa uwe mdogo kwa kupogolewa matawi na mizizi na kuvishwa waya mpaka ushike umbo la mti mzee. Kinachoufanya uonekane mzee ni shina, liwe nene chini na lipungue kadiri linavyopanda. Shina halinenepi kwa kubanwa. Unaacha tawi moja la chini likue linavyotaka, lirefuke hata kuupita mti wenyewe, maana majani yake ndiyo yanayonenepesha sehemu ya shina iliyo chini yake. Unene ukikuridhisha unalikata. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kidonda chake ni kikubwa, na ukikikata vibaya mti utabaki na kovu hilo siku zote.

Mkwaju wangu mkubwa niliuachia tawi la namna hiyo miaka mitatu iliyopita, nikifuata somo la mwalimu huyo. Alisema kwenye video kwamba kukata tutafundishana baadaye. Kweli mwaka jana akafundisha, saa mbili nzima: jinsi ya kukata kwa awamu badala ya siku moja, jinsi ya kuchonga kidonda kiingie ndani kidogo ili gome likijikunja kukifunika lifike usawa wa shina, na namna ya kukipaka dawa kisikauke. Niliangalia mara moja, nikasema nitarudi siku ya kukata. Siku yenyewe ni mwezi wa pili, kabla masika hayajaanza. Somo sasa liko upande uliofungwa.

Tazameni ufundi huu ulikotoka. Kijiji cha bonsai cha Omiya, kaskazini mwa Tokyo, kilianzishwa mwaka 1925 na watunza bustani waliohama jijini baada ya tetemeko kubwa la 1923. Mwanafunzi wa kazi hii huko Japani huingia kwa bwana wake akakaa miaka mitano au zaidi, akimwagilia, akifagia, aking'oa magugu. Ryan Neil, Mmarekani, alikaa miaka kama sita kwa Masahiko Kimura kabla ya kurudi kwao na kuanzisha Bonsai Mirai kule Oregon. Bjorn Bjorholm alijifunza Osaka kwa Keiichi Fujikawa. Wote wawili wamekuja kufundisha kwa njia ya intaneti, na nawaheshimu sana, maana bila kazi ya watu kama hao mtu wa Moshi asingejua hata kushika mkasi. Huduma ninayoilalamikia siitaji jina. Hawa nimewataja kwa ajili ya historia. Ninachotaka mwone ni kwamba mwanafunzi aliyeishi kwa bwana wake alilipa kwa jasho, na siku ya kuondoka aliondoka na alichojua. Hakuna aliyemwambia arudishe ufundi wa mwaka wa pili.

Kwenye makumbusho ya bonsai ya Washington kuna msonobari ambao malezi yake yalianza mwaka 1625. Ulikuwa wa familia ya Yamaki huko Hiroshima, ukasalimika bomu lilipoanguka 1945, na mwaka 1976 ukatolewa zawadi kwa Marekani. Kila aliyeutunza alimwachia wa baada yake mti pamoja na maarifa ya kuulea. Nikiufikiria mti ule, kuhesabu mafunzo haya kwa mwezi mmoja mmoja naona ni kipimo kifupi mno.

Upande wa mwalimu nauelewa. Ana kamera, mhariri wa video, watu wa kujibu maswali, na miti inayohitaji maji iwe kuna wateja au hakuna. Najua pia wapo wanaoingia mwezi mmoja, wakaangalia maktaba yote, wakatoka. Ajilinde nao. Lakini mimi nimelipa miezi arobaini na nane mfululizo, kama shilingi elfu hamsini kila mwezi, kwa kadi ya mtandaoni ya simu ambayo lazima niijaze kwanza. Kwa anayepata riziki yake kidogo kidogo, hela ya mwaka kwa mkupuo ni ada ya shule ya mtoto.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

Mchangiaji wa Dar es Salaam:

Mkuu, pole, ila hoja yako sikubaliani nayo. Ulipanga nyumba, hukununua. Kila mwezi ulilipa, kila mwezi ukapewa cha mwezi huo, mkawa hamdaiani. Kisimbuzi cha TV ukiacha kukilipia, utamdai mwenyewe mechi za mwaka juzi? Kama ulitaka kitu cha kwako, Bonsai Empire ya Uholanzi wanauza kozi kwa malipo ya mara moja, unaingia na kutoka unavyotaka. Ulichagua malipo ya mwezi kwa sababu yalikuwa mepesi mfukoni, na wepesi huo ndio ulioununua.

Halafu wewe mwenyewe umesema uliliangalia mara moja ukaacha. Saa mbili za somo ulilojua utalihitaji, daftari lilikuwa wapi?

Mchangiaji wa Mombasa:

Ndugu yangu, nakuhurumia, lakini kwa jambo lingine. Miaka minne umefunzwa misonobari ya watu wenye baridi. Wao hukwambia hamisha mti chungu mwisho wa baridi, vichipukizi vikianza kuvimba. Huku kwetu baridi hiyo iko wapi? Mibuyu yangu hukaa bila majani wakati wa ukame, na mimi huibadilisha udongo ikikaribia kuchanua majani tena. Haya sikufunzwa na mtu wa ng'ambo, nilifunzwa na mzee mmoja wa kitalu ambaye neno bonsai hata hakulijua. Akadama, ule udongo wao wa Japani, haufiki hapa. Mimi nachekecha matofali yaliyovunjwa, na miti inakwenda vizuri.

Na kama ni kutazama, Peter Chan wa Herons Bonsai kule Uingereza anaweka video zake YouTube bure, unazitazama hata mara kumi. Pesa ya mwaka mzima nunua miche na vyungu, ndugu yangu. Miti yetu tukiilea wenyewe na kuandikiana tulichokiona, baada ya miaka kumi tutakuwa na maktaba ambayo hakuna wa kutufungia.

Mchangiaji wa Ohio:

Niko Columbus, naongeza la sheria kwa kuwa biashara hii iko huku. California ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2025: muuzaji wa bidhaa ya kidijitali asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni ruhusa ya kutumia tu. Ilikuja kwa sababu watu walikuwa wanapoteza filamu na michezo waliyodhani ni yao. Lakini sheria hiyo hiyo imeziacha nje huduma za usajili ambazo mteja anaingia kwa muda anaolipia tu. Tume ya biashara ya serikali kuu nayo ilitoa kanuni Oktoba 2024 ya kurahisisha kujitoa kwenye usajili, mahakama ya rufaa ikaifuta Julai 2025. Hata ingebaki, ilihusu kutoka, na wewe shida yako ni kubaki.

Kwa hiyo kaka, kwa jinsi ninavyoisoma, kisheria huna kesi. Kiungwana unayo. Waandikie kwa adabu, uwaambie mti wako uko hatua gani na unahitaji somo lipi. Nyingi ya shughuli hizi ni za watu wachache wanaopenda miti kama wewe, si kampuni ya maelfu. Ukipiga kelele watajifungia, ukiwaonesha mti watasikiliza.

Mleta mada:

Ahsanteni. La daftari nakubali bila ubishi, mkuu wa Dar, na tangu jana naandika kila ninachokumbuka. Lakini mkono unaoshika patasi kwenye kidonda hauandikiki vizuri. Unatakiwa uuone umelala vipi na unasukuma kuelekea wapi, kisha uone tena, na wewe patasi yako ukiwa nayo mkononi.

Mfano wako wa nyumba naukubali, tuufikishe mwisho. Mpangaji akipandishiwa kodi hupewa notisi, na akihama anaondoka na kitanda chake. Mimi notisi yangu ni ya mwezi mmoja kwa kazi inayopimwa kwa miaka. Na mechi si mfano mzuri. Mechi ukishaitazama imekwisha. Somo la kukata tawi ukilitazama, kwako bado halijaanza. Linaanza siku mti wako unapofika hapo, na mti haufuati ratiba ya video. Wa mwalimu ulinenepa miaka miwili. Wangu umechukua mitatu kwa sababu mwaka mmoja ukame uliurudisha nyuma, nikaacha kabisa kuugusa. Aliyefunga maktaba kwa kufuata mwaka wa kalenda, kwa maoni yangu, amesahau anafundisha nini.

Ndugu wa Mombasa, la majira umesema kweli, na nimeumia kwalo. Mvinje wangu wa kwanza ulikufa kwa sababu niliuhamisha chungu kwa kufuata majira ya Marekani badala ya mvua za Kilimanjaro. Udongo nao nilishaachana na wa kwao, natumia moramu iliyochekechwa. Lakini kufunga kidonda, kusoma nguvu ya tawi, kujua waya umeanza kuuma gome, hayo hayategemei theluji. Wewe una mzee wa kitalu. Mimi wauza miche wa hapa nikiwaonesha mkwaju wangu wananiuliza unaumwa nini mbona haurefuki. Mwalimu wangu alikuwa kwenye simu, sikuwa na mwingine. Wazo lako la kuandikiana nalichukua, na nitaanza na huu mkwaju, kwa picha za kila mwezi.

Kaka wa Ohio, nimewaandikia usiku wa kuamkia leo. Sikuomba bei ishuke. Nimeomba aliyelipia mwezi fulani aendelee kuona masomo ya mwezi huo kwa miaka miwili zaidi hata akishindwa kifurushi kipya, au waweke kifurushi kidogo cha maktaba peke yake, bila masomo ya moja kwa moja, kinacholipwa kwa mwezi. Nimeambatanisha picha tatu: mkwaju ulipokuwa mche mwembamba kama penseli, ulipoachiwa tawi, na ulivyo leo. Kilichorudi mpaka sasa ni ujumbe wa kwamba barua imepokelewa.

Wakikataa sitawatukana, na waliyonifundisha nitaendelea kusema ni wao walionifundisha. Ila sitalipa mkupuo, na tawi nitalikata kwa ninachokumbuka. Limefika unene wa kifundo cha mkono wangu, na shina chini yake limenenepa zaidi ya nilivyotarajia. Nafikiria kulikata nusu ya upana wake kwanza, niache nusu iendelee kulisha, nimalizie masika yakikolea. Ndugu wa Mombasa, kama umewahi kukata tawi la unene huo kwenye mkwaju, nieleze: ulilimaliza kwa siku moja au kwa awamu, na gome lilichukua mvua ngapi kukifunika kidonda?