Dizeli ya akiba imeota ute mweusi, filta inaziba kila mara. Nifanyeje?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, habari zenu. Nina jenereta ya dharura yenye tangi la chuma la lita 2,000. Dizeli imekaa humo karibu mwaka bila kuguswa. Juzi nimeiwasha, ikavuma vizuri kidogo, ikakosa nguvu, ikazima. Kufungua filta nakutana na ute mweusi unaoteleza, unanuka yai viza. Kuna muuzaji anasema nimwagie chupa moja ya dawa, basi. Ni kweli? Au dizeli yote ndiyo imeshakufa?

Fundi_Nozeli:
Mkuu, dawa iache kwanza, na dizeli usiimwage. Ugonjwa wako ni maji. Kuvu na bakteria wanakula mafuta lakini wanaishi majini, pale maji yanapogusana na dizeli. Ukiondoa maji, hawana pa kuzaliana.

Na usiseme tangi halivuji, maji yatoke wapi. Tangi lililo nusu linapumua: likipoa usiku linavuta hewa yenye unyevu, unyevu unageuka matone kwenye kuta, matone yanashuka chini kwa sababu maji ni mazito kuliko dizeli. Kama mafuta yako yamechanganywa na biodizeli (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya mimea au wanyama), ndiyo kabisa, hiyo inabeba unyevu zaidi.

Harufu ya yai viza ni gesi ya hidrojeni salfaidi. Inatoka kwa bakteria waliojificha chini ya ute, mahali pasipo na oksijeni, na hao wanatoboa chuma vishimo vishimo. Gesi hiyo ni sumu, kwa hiyo usiingize kichwa tangini, sembuse kuingia mwenyewe.

Anza hivi: chukua sampuli kutoka sakafu ya tangi, si juu, iweke kwenye chupa ya kioo ya uwazi itulie. Utaona dizeli juu, maji chini, na utando katikati. Fungua koki ya chini utoe maji mpaka itoke dizeli tupu. Hapo sasa ndipo dawa ya kuua vijidudu. Lebo huwa na dozi mbili, ya kinga na ya kuua. Wewe unahitaji ya kuua. Vaa glavu na miwani, dawa hizi zinaunguza ngozi. Zungusha mafuta kwa pampu ili dawa ifike kila kona, kisha subiri muda ulioandikwa.

Baada ya hapo filta zitaziba kuliko mwanzo! Watu wengi hapa hulalamika dawa ni feki, kumbe imefanya kazi: mizoga ndiyo inakuja. Chuja dizeli nje ya jenereta, ukivuta kutoka chini na kurudisha upande wa pili, ukianza na filta yenye matundu makubwa, kisha kitenganisha maji, kisha filta yenye matundu madogo. Ute ulioganda kutani hautoki kwa kuchuja. Ukiwa mwingi, tangi litolewe mafuta na kusuguliwa na watu wenye vifaa vya kazi hiyo. Ukijaza dizeli mpya juu ya ute wa zamani, umeipanda mbegu.

Mzee_wa_Boti:
Naongezea: si kila uchafu mweusi ni vijidudu. Dizeli ikizeeka hutoa mashapo na gundi yake yenyewe. Ukikuta uchafu na hakuna tone la maji chini, dawa ya vijidudu haitakusaidia. Boti zetu tunajaza tangi pomoni kabla ya kuziegesha, hewa isipate nafasi.

Zamu_ya_Usiku:
Asanteni sana. Na zile dawa za kuyachanganya maji na mafuta ili yaungue pamoja? Au klorini ya kufulia?

Fundi_Nozeli:
Klorini hapana, inakula chuma. Hizo za kuchanganya maji mimi sizipendi hata kidogo: maji uliyoweza kuyatoa kwa koki unayapeleka kwenye pampu na nozeli (kinachopuliza mafuta ndani ya injini), na nozeli inalainishwa na dizeli, si na maji.

Mzee wa Boti yuko sawa kuhusu kujaza, lakini boti inasafiri na kuchoma mafuta. Jenereta ya dharura ikijazwa na kusahauliwa, dizeli inazeeka humo humo. Iwashe mara kwa mara ikiwa na mzigo, jazia mafuta mapya, toa maji ya chini kila mwezi. Angalia pia mfuniko na mrija wa kupumulia, mvua isiingie. Na hayo maji machafu usiyamwage ardhini wala mtaroni, yana dizeli na dawa; yakusanye pamoja na oili chafu.

Zamu_ya_Usiku:
Nimefungua koki sasa hivi. Ndoo nzima ya maji ya kahawia, na bado yanatoka.

Fundi_Nozeli:
Endelea. Ukishaona dizeli, funga, acha itulie mpaka kesho, ufungue tena.