Mrejesho: Niliyeuliza namna ya kuomba baada ya msiba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Februari mwaka jana niliwauliza mtu aombeje wakati mume wangu alikuwa amefariki, mvua imekatika na mtama wetu hapa Chamwino umekauka shambani, nami kila nikipiga magoti sipati hata neno moja. Nawashukuru nyote mlionijibu, hasa kwa kuwa hamkunikemea.

Ushauri ulionifaa zaidi ulitoka kwa mama aliyeniambia niache kutafuta maneno yangu mwenyewe, nisome kwa sauti Zaburi ya 88, ambayo ni kilio tangu mwanzo na inaishia gizani. Nilishangaa kwamba Biblia imehifadhi sala ya namna hiyo, na usiku ule nililia mbele za Mungu kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Baadaye nilisoma Marko 4:35-41, nikaona kwamba wanafunzi walimwamsha Yesu kwa lawama, naye akatuliza upepo kwanza, ndipo akawauliza juu ya imani yao.

Kufunga siku tatu kulinishinda. Nilidhoofika siku ya pili, na mchungaji akanisihi nisijilaumu. Kwaya pia sijarudi, kwa sababu mahali alipokuwa akisimama mume wangu bado panaonekana patupu.

Hata hivyo, akina mama wa jumuiya huja kila Alhamisi jioni tukasali pamoja, na msimu huu wamenisaidia kupalilia karanga. Deni la mbegu bado lipo, lakini sasa ninalala.