Ukoo wa Bibi, Ujiji: Zai karudishwa mapokezi

Zai (Leicester, Uingereza): Shikamooni wakubwa. Leo nilikwenda kujiandikisha kituo cha GP, ndiyo kama zahanati ya mtaa huku. Dada wa mapokezi kaangalia pasi yangu, kataka bili yenye jina langu na anwani. Tumepanga chumba, bili zote ni za mwenye nyumba. Nimerudi hivyo hivyo.

Mwana: Naandika kwa niaba ya Bibi. Anasema marahaba, mimba ina miezi mingapi, na je unakula?

Zai: Mitatu na wiki moja. Nakula Bibi, ila harufu ya mafuta inanichefua.

Mama Mdogo Tatu: Presha ngapi?

Zai: Sijapima Ma'mdogo.

Mama Mdogo Tatu: Zai! Mama yako alikuzaa wewe na kifafa cha mimba. Mimi ndiye niliyemshika mkono leba. Huwezi kukaa bila kupima presha.

Mjomba Rama: Arudi ajifungulie nyumbani. Hapa mjamzito halipi. Huko si wanadai zaidi ya pauni elfu?

Shangazi Mwajuma: Halipi, Rama? Mkeo alipojifungua glavu na nyembe alinunua nani?

Hamisi (Manchester): Shikamoo Mjomba. Hiyo ni ada ya afya ya kwenye viza, pauni 1,035 kwa mwaka, sisi wanafunzi 776, na unalipa miaka yote kwa mkupuo kabla viza haijatoka. Zai ana viza ya wahudumu wa afya, hao wamesamehewa. Zai, GP hawaruhusiwi kukukataa kwa kukosa bili. Hata pasi si lazima. Wakikataa, waambie wakuandikie sababu. Na mkunga unaweza kumwomba mwenyewe kwenye tovuti ya hospitali, usisubiri GP.

Zai: Kinachoniuma ni kwamba niliomba radhi mimi. Watu nyuma yangu wamepanga foleni, nikasema samahani, nikaondoka.

Mama Mdogo Tatu: Sikiliza mwanangu. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga, kile kijiji cha mpakani, na kipindupindu kikawashika, meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini Kigoma, wanapokelewa uwanja wa Lake Tanganyika. Nilikuwa zamu. Kashushwa mama mmoja mjamzito, kanga imelowa mpaka kifuani, macho yameingia ndani, hana hata kikaratasi. Nilimuuliza mambo mawili: umeharisha mara ngapi, na mtoto anacheza? Nikakaa naye chini nikimnywesha maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Kitambulisho tungekitaka cha nini pale? Kwa hiyo kesho urudi, na usiombe radhi.

Mwana: Bibi analia. Anasema anamkumbuka huyo mama, mlimpelekea uji.

Mjomba Rama: Basi mimi nimenyamaza. Urudi mwanangu.

Zai: Asante Ma'mdogo. Hamisi, kuna dada Mkongo tunaishi naye, viza yake imeisha. Mimba yake kubwa kuliko yangu na hajaenda popote.

Hamisi: GP aende, ni bure kwa yeyote, na dharura pia. Hospitali ndiyo watamwandikia deni la uzazi, tena kwa asilimia 150 ya bei ya kawaida. Lakini kliniki na leba hawaruhusiwi kumnyima wala kumchelewesha kwa ajili ya pesa. Deni likifika pauni 500 na miezi miwili ikapita, wanaweza kupeleka taarifa uhamiaji. Kwa hiyo hofu yake si ya bure. Akubaliane nao mapema alipe kidogo kidogo, hapo hawapeleki.

Mama Mdogo Tatu: Mjamzito kulala na hofu hiyo kila siku. Mungu wangu.

*Alhamisi*

Zai: Nimeandikishwa! Nilimkuta dada mwingine, nikamwonyesha kwenye simu ukurasa wa NHS, huduma ya afya ya serikali huku, kanipa fomu bila neno. Pale mapokezi kuna mashine ya presha. Nimepata 112/70.

Mama Mdogo Tatu: Alhamdulillahi. Mkojo?

Zai: Mkunga ni Jumanne.

Mama Mdogo Tatu: Mwambie habari za mama yako kabla hajauliza. Kifafa cha mimba, usisahau. Na yule Mkongo?

Zai: Anaogopa Kiingereza. Nimemwambia ataombewa mkalimani wa Kiswahili, halipi. Kesho saa 3 asubuhi naenda naye.