Tupeane uzoefu: umewahi kuchagua nafasi kazini ili tu ukae mbali na watu fulani?

Mleta mada, Dar es Salaam
Wakuu, habari za jioni. Nipo kampuni ya kutoa mizigo bandarini, upande wa nyaraka. Kazi naipenda na naijua. Shida ni watu wawili tunaokaa nao meza za jirani. Faili likienda vizuri, wao ndio waliolishughulikia. Kontena likikaa bandarini hadi tozo zikaanza kuhesabiwa, jina linalofika kwa bosi ni langu. Sasa imetokea nafasi ya kushinda nje: bandarini, bandari kavu, kwenye ukaguzi wa mizigo. Mshahara ule ule, jua kali, simu haipumziki. Kinachonivuta si ile kazi, ni kutoonana nao. Aliyewahi kuchagua nafasi kwa sababu kama hii aniambie ukweli, ilimfaa au haikumfaa.

Muuguzi, Mwanza
Pole sana kaka. Mimi niliomba zamu za usiku. Hospitali ya binafsi, wodi ya wazazi. Kulikuwa na dada mmoja mkubwa kwangu kikazi, ananisema mbele ya wagonjwa, hata mbele ya mama aliye kwenye uchungu. Usiku tunabaki mimi na mhudumu, daktari anaitwa kwa simu. Niliupenda usiku ule. Nilizoea kuzalisha kwa kujiamini kwa sababu hakuna aliyesimama mgongoni kwangu akiguna. Usiku ulinikomaza, hilo silikatai.

Ila kukabidhiana zamu hakukwepeki. Kila asubuhi nasimama mbele ya dada yule yule nasoma ripoti: huyu presha ilipanda, huyu dripu inakaribia kuisha, mtoto wa kitanda kile hajanyonya. Nikifupisha ili niondoke haraka, anayeumia ni mgonjwa. Nikaanza kuiandika ripoti yote kabla hajafika, kila kipimo na saa yake. Akakosa pa kushika.

Halafu nikapata ujauzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamkataza mwajiri kumpangia mjamzito kazi ya usiku miezi 2 kabla ya tarehe ya kujifungua, na usiku wenyewe unahesabiwa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ni sheria nzuri, inatulinda. Lakini maficho yangu yakaishia hapo, nikarudi asubuhi kufanya kazi naye bega kwa bega. Yeye alikuwa yule yule. Mimi nilikuwa nimeshaijua kazi yangu, nikaweza kumjibu kwa upole bila sauti kutetemeka. Kwa hiyo kwangu ilinifaa, lakini si kwa sababu niliyoiombea.

Dereva, safari za Kongo
Mimi nilikimbia majungu ya yadi nikaomba gari. Dar hadi Tunduma, unavuka Nakonde, Kapiri Mposhi, hadi Kasumbalesa. Watu wanadhani dereva yuko peke yake. Si kweli hata kidogo. Kuna utingo, na kuna mtu wa ofisini anayeliangalia gari kwenye ramani, ukisimama kula tu simu inaita. Yadi ukigombana na mtu, jioni kila mmoja anakwenda kwake. Ukigombana na utingo, mnalala kabini moja, na foleni ya mpakani haiwajali. Mimi barabara nimeipenda na sirudi yadi. Ila ndugu yangu, uliza kwanza huko nje utafanya kazi na nani. Uliza majina.

Mwalimu, Singida
Nilikubali kushika maktaba ili nisishinde ofisi ya walimu. Utulivu niliupata. Lakini ratiba zikawa zinapangwa bila mimi, usimamizi wa mitihani bila mimi, semina nazisikia zikishapita. Waliokuwa wakinisema wakapata nafasi ya kunisema nisipokuwepo. Ukienda nje, usipotee machoni pa bosi.

Mpishi, Mombasa
Nawasalimu kutoka pwani ya Kenya. Nilihama jiko kuu nikaenda upande wa mikate na keki, kwa sababu mkubwa wa jiko akikasirika alikuwa anarusha sufuria. Waokaji tunaingia kabla ya alfajiri. Jiko kuu likipamba moto kwa chakula cha mchana, sisi tunapangusa meza. Nilikwenda nikimkimbia mtu, nikakutana na unga, na unga ukanishika. Kipimo ni kipimo, ukikosea hamira mkate wenyewe unakuambia, hakuna wa kusingiziwa. Sasa hata wakiniita jiko kuu siendi. Usiione aibu sababu yako ya kwanza. Angalia tu kama huko bandarini kuna kitu utakachokipenda.

Mwakilishi wa wafanyakazi, Morogoro
Tutenganishe mtu mgumu na mtu anayekudhulumu. Anayenuna au kusengenya, kaa naye mbali, umemaliza. Anayekubebesha hasara ya kampuni kwa jina lako ni jambo jingine, kwa sababu hilo linabaki kwenye faili lako na litakufuata hata ukihamia nje. Lijibu kwa maandishi kabla hujahama.

Na mkichoka, msiache kazi kwa hasira. Sheria aliyoitaja dada muuguzi inatambua kwamba mwajiri akifanya mazingira yasivumilike hadi mtu akaacha kazi, hiyo nayo ni kuachishwa. Lakini itabidi uthibitishe, na lalamiko la kuachishwa lifike Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Nimewaona wenzangu wenye haki kabisa wakifika wamechelewa, hawana hata karatasi moja mkononi. Inaniuma kila mara.

Mleta mada
Asanteni sana, nimesoma yote. Dada muuguzi, Mungu akutunze wewe na mtoto. Nimeuliza majina kama dereva alivyosema: ninayekwenda kufanya naye kazi ni mzee mmoja mtaratibu, vijana wanasema anafundisha. Kesho naandika maelezo kuhusu makontena yaliyotozwa, tarehe gani kila hati ilifika mezani kwa nani, na naomba yaingie kwenye faili kabla sijasaini barua ya kuhamia nje.

Sasa nina swali kwa mliopo bandari kavu. Hati za kutolea mzigo mnazipokeaje kutoka ofisini, na mnathibitishaje saa mliyozipokea? Kwa sababu watakaonitumia ni wale wale wawili.