Paka dume anakanyaga visigino, mguu mmoja unajikunja vidole: nianzie wapi?

NyauMakorora
Habari za leo wadau. Naomba mawazo ya wanaojua mifugo. Ni paka dume, amehasiwa, ana miaka minane. Juzi nimempima kwa mzani wa dukani, kilo 5.8, na mwaka jana alikuwa 6.5. Tupo Tanga mjini, Makorora.

Wiki tatu sasa miguu ya nyuma imeisha nguvu. Hajagongwa na bodaboda, hajaanguka, hana kidonda wala uvimbe. Ukuta wa uani aliokuwa akiupanda kwa mruko mmoja sasa anautazama tu. Akitembea, kisigino kinashuka mpaka sakafuni, kama mtu aliyevaa ndala kubwa kuliko mguu wake. Miguu yote miwili iko hivyo. Jumapili alichomwa sindano mbili, dexa (deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe) na OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki), zote paja la kulia kwa nyuma. Tangu Jumatatu mguu huo wa kulia umezidi: vidole vinapinda chini, anakanyagia mgongo wa unyayo.

Kula anakula, tena kuliko zamani. Chakula chake ni dagaa, vichwa vya vibua na ini mara mbili kwa wiki. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya zaidi ya miaka miwili iliyopita. Jirani kasema nimpe nusu panadol kupunguza maumivu. Nimpe?

Mfugo_Pwani
Panadol usimpe, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ile kama la mtu. Damu inabadilika na kushindwa kubeba hewa, ufizi unakuwa wa kahawia au buluu, uso na miguu vinavimba. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka wa kilo tano. Diclofenac na ibuprofen nazo ziache, zinaharibu figo na tumbo, na kwa kuwa ameshachomwa dexa hatari ya vidonda vya tumbo inaongezeka.

Kichaa cha mbwa kisikunyime usingizi kwa hili. Kikianza kuonyesha dalili mnyama hufa ndani ya siku kumi hivi, wala hali kwa hamu. Wiki tatu na bado anamaliza bakuli, siyo hicho. Ila akipata nafuu mpeleke akachanjwe, na wakati wote huu akimng'ata au kumparura mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali.

Mganga_wa_Mifugo_Ngamiani
Kabla ya sindano nyingine yoyote mpime mwenyewe nyumbani. Dakika kumi zinatosha, mtu mmoja amshike na mwingine apime.

Anza na joto la miguu. Shika unyayo wa nyuma kwa mkono mmoja na wa mbele kwa mwingine. Ukikuta wa nyuma ni wa baridi, nyama za unyayo zimepauka au zina rangi ya zambarau, acha kusoma hapa, mbebe umpeleke. Hilo ni donge la damu lililoziba mshipa mkubwa pale unapogawanyika kwenda miguu miwili, na mara nyingi chanzo chake ni moyo. Lakini huja ghafla, kwa dakika siyo kwa wiki, na paka hulia kwa maumivu makali. Hakikisha pia mapigo: weka ncha za vidole viwili ndani ya paja, juu karibu na kinena, bila kubonyeza sana. Usikie mdundo pande zote mbili sawasawa.

Halafu geuza unyayo, mgongo wake uguse sakafu, umwachie. Mzima anaurudisha papo hapo. Akichelewa au akiuacha hivyo, neva hazipeleki habari ya mguu ulipo.

Kisha maumivu, na hapa wengi hukosea. Minya kidole cha NJE cha mguu wa nyuma, si cha ndani. Kidole cha ndani kinahudumiwa na neva nyingine inayopitia mbele ya paja, kwa hiyo kinaweza kuhisi vizuri huku neva kubwa ya nyuma ya paja imeumia. Tena usitazame mguu, mtazame usoni. Mguu unaweza kujivuta bila ubongo kujua lolote. Unachotafuta ni ageuke, alie au atake kung'ata.

Papasa na uti wa mgongo kutoka mabegani hadi mzizi wa mkia, pingili kwa pingili. Tazama mkia kama anauinua. Hakikisha anakojoa: dume anayejikunyata chooni bila tone kutoka hana tatizo la miguu, ameziba njia ya mkojo, na hiyo haingoji kesho.

Mwisho kabisa niambie, anakunywa maji kiasi gani?

SamakiDeepSea
Mimi ningeangalia chakula kwanza. Dagaa wabichi wengi wana kimeng'enya kinachokula vitamini B1, na paka anaihitaji kuliko mbwa. Akikosa B1 anayumba, anapungukiwa nguvu, baadaye anapata degedege. Dawa ni kuwachemsha, moto unakiua kile kimeng'enya. Kuanika juani peke yake hakutoshi. Ini nalo mara mbili kwa wiki, kama ni kipande kikubwa, vitamini A inajikusanya mwilini na baada ya muda mrefu pingili za shingo na mgongo hushikana kwa mifupa mipya.

Mganga_wa_Mifugo_Ngamiani
Hoja ya chakula ni ya kweli ila haifanani na huyu. Upungufu wa B1 huanza na kukosa hamu ya kula, kisha kichwa kinainama kidevu kikitafuta kifua, mboni za macho zinapanuka. Huyu anakula kupita kiasi. Na wingi wa vitamini A huanza kwa shingo ngumu: hawezi kujilamba mgongo, analalamika ukimshika mabega. Hakuna lililotajwa hapo. Chemsheni dagaa hata hivyo.

NyauMakorora
Nimefanya yote. Miguu ina joto sawa, unyayo una rangi ya waridi, mapigo nimeyapata pande zote mbili. Mgongo hakulia popote, mkia anainua. Mguu wa kushoto anaurudisha ila kwa kuchelewa, kama sekunde mbili. Wa kulia anauacha umepinda. Kidole cha nje kushoto aligeuka kunitazama, kulia hakugeuka, mguu ulijivuta kidogo tu.

Maji: anakunywa sana. Zamani nilikuwa simwoni kabisa akinywa, sasa yuko kwenye ndoo ya bafuni kila saa. Na kuna jambo nililipuuza: pale uani anapokojoa sisimizi wanajaa, mstari mzima unatoka ukutani. Hilo lina zaidi ya mwezi.

Mganga_wa_Mifugo_Ngamiani
Sisimizi wamekujibu. Mkojo wa paka mzima hauna sukari ya kuwaita.

Huyu ana matatizo mawili, si moja, ndiyo maana picha ilikuwa haieleweki. Kushuka visigino miguu yote, kukonda huku anakula, kunywa sana: hiyo ni sukari iliyokaa muda mrefu mpaka ikaathiri neva za miguu. Mguu wa kulia wa Jumatatu ni wa sindano. Neva kubwa ya mguu inapita nyuma ya paja, na paka ana nyama nyembamba pale. OTC inaunguza. Ikimwagika karibu na neva, mguu unakufa ganzi siku hiyohiyo au kesho yake. Sindano ya paka ni chini ya ngozi ya mgongo kama dawa inaruhusu, au mbele ya paja.

Thibitisha sukari leo. Mashine ya kawaida ya watu inatosha, ingawa kwa paka husoma chini kidogo ya ukweli. Pasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu nusu dakika, choma ukingo wa sikio, si ule mshipa unaouona katikati, tone dogo tu. Paka mzima husoma kati ya 4 na 9 hivi (mmol/L). Akiogopa inaweza kuruka mpaka 15 na zaidi bila ugonjwa wowote, na dexa nayo inapandisha kwa siku kadhaa. Kwa hiyo namba peke yake wiki hii haitoshi, unahitaji mkojo pia. Toa mchanga kwenye beseni lake, weka punje kavu za mahindi ya bisi zilizooshwa. Hazinyonyi, mkojo unabaki chini. Vuta kwa bomba la sindano, chovya stripu ya mkojo inayopima sukari na ketoni (tindikali za mwili unaochoma mafuta kwa kukosa insulini). Ketoni zikionekana, au akiacha kula, au akitapika, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

NyauMakorora
Damu 24.6. Mkojo sukari alama tatu, ketoni hakuna. Bado anakula.

Mganga_wa_Mifugo_Ngamiani
Basi tusibishane tena. Dexa ya Jumapili imeongeza kidogo, lakini sisimizi walitangulia dexa kwa wiki kadhaa. Mwambie yeyote atakayemtibu kwamba dexa na dawa za jamii yake ni marufuku kwake.

Nenda kwa daktari wa mifugo na majibu hayo uombe insulini. Kwa paka inayofaa zaidi ni ya muda mrefu, glajini, na inapatikana maduka ya dawa za binadamu kwa cheti. Kwa uzito wake kawaida huanza na yuniti 1 kila baada ya saa 12, si zaidi. Nunua bomba la insulini la U-100 la mililita 0.3, maana kwenye bomba la mililita 1 mistari imebanana na kosa la yuniti moja kwake ni dozi maradufu. Inua ngozi ya ubavuni, ingiza, sukuma. Badilisha upande kila mara. Mpe chakula kwanza: asipokula, usichome dozi kamili, piga simu.

Dozi usiipandishe kabla ya wiki. Kinachoua paka wa sukari nyumbani ni haraka ya mwenye paka kuliko sukari yenyewe. Akianza kulewalewa, kukodoa macho, kutetemeka, pima. Ikiwa chini ya 3.5, au huna muda wa kupima, mpake asali ufizini papo hapo halafu mtafute daktari.

Joto la Tanga lina kesi na dawa hii. Chupa isiyofunguliwa ikae friji, nyuzi 2 hadi 8, mlangoni siyo karibu na barafu, ikiganda itupe. Iliyofunguliwa inavumilia siku 28 chini ya nyuzi 30, lakini chumba cha bati mwezi wa Februari kinapita hapo mchana, kwa hiyo nayo irudishe friji. Umeme ukikatika, weka chupa ndani ya kikombe, kikombe ndani ya mtungi wa udongo, funika. Isiguse maji.

Chakula: nyama, kuku, samaki waliochemshwa, mayai. Ugali, wali na mkate toa kabisa, hata ule wa kuchanganyia mchuzi. Ini kipande cha kidole gumba kwa wiki kinatosha.

Mfugo_Pwani
Niongeze ya uuguzi, maana insulini haimnyanyui kesho. Visigino hupanda taratibu, wiki hadi miezi, na kuna wanaobaki wameshuka kidogo maisha yote. Mguu wa sindano nao ni wa miezi.

Sakafu ndiyo kazi kubwa. Saruji iliyosuguliwa na vigae vinamtelezesha, na kila akiteleza anaumia nyonga. Bahati tuko mji wa mkonge: vipande vya mkeka au zulia la mkonge mbele ya bakuli, mbele ya choo na njia ya kati vinampa mshiko mguu wa kushoto. Tatizo ni wa kulia. Mgongo wa unyayo ukiburuzwa juu ya mkonge siku mbili, ngozi imekwisha na mfupa unafuata. Mvalishe soksi ya mtoto mchanga, ifungwe kwa plasta ya kitambaa juu ya kisigino, plasta ishike manyoya bila kubana: kidole chako kidogo kipite. Vua kila jioni, kagua, acha mguu upumue usiku akiwa kwenye kanga iliyokunjwa. Vidole vikivimba au kupoa, plasta imebana.

Mazoezi mara tatu kwa siku akiwa amelala ubavu. Shika paja, kunja na kunjua goti na kifundo pamoja mara 10 hadi 15, polepole, kisha nyoosha vidole vimetandaa. Bila hivyo kano za nyuma zinafupika na mguu unabaki umekunjwa hata neva zikirudi.

Beseni la choo likatwe upande mmoja hadi sentimita 5 kutoka chini, ukingo ufungwe kwa plasta ya umeme usimkate. Mkojo wenye sukari unanata kwenye manyoya ya mapaja, inzi wanaufuata, na funza hawachelewi kwenye joto hili. Osha kwa maji ya uvuguvugu kila siku, kausha mpaka ngozi, punguza manyoya ya sehemu hiyo kwa mkasi butu.

NyauMakorora
Shukrani. Swali moja la mwisho: nimzuie asinywe maji ya ndoo?

Mganga_wa_Mifugo_Ngamiani
Hapana, kamwe. Anakunywa kwa sababu anayapoteza. Muwekee ya kutosha kwenye bakuli lenye mistari uyapime kila asubuhi: anayokunywa yakianza kupungua wiki ya pili au ya tatu, insulini imeshika, na utaliona hilo kabla visigino havijapanda hata kidogo.