Paka wangu ana mimba au ni minyoo tu?

Wakuu, paka wangu alikuwa analia usiku kucha anatoroka na madume ya mtaani, sasa katulia, tumbo limejaa na anakula balaa. Mimba hii au minyoo?

Jibu: Mcheki chuchu. Zikivimba na kuwa za pinki ashanasa hiyo, zinaonekana wiki ya 3 hivi, tumbo lenyewe linakuja kama wiki ya 5.

Jibu: Usimminye tumbo eti unatafuta watoto, utawaumiza! Na dawa ya minyoo usimpe kienyeji, mpeleke kwa daktari wa mifugo ampige altrasaundi.

Jibu: Hesabu siku 63 mpaka 65 toka apandwe. Akianza kuingia ingia kabatini anatafuta pa kuzalia huyo, mwekee boksi na matambaa, wa kwangu alichagua begi la shemeji 😂